Kilwa Kisiwani: mji uliokula dhahabu ya Sofala

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, safari fupi tu, unayakuta magofu ya mji ambao Ibn Battuta aliusifu sana mwaka 1331. Uliangukaje?

Wengi husema Wareno. Kweli, Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka, askari wake wakaupora, kisha akajenga ngome. Lakini tunavyoona sisi, pigo lenyewe lilitua mbali, Sofala, Msumbiji ya leo. Dhahabu ya bara ilishukia huko, na Kilwa ikaishi kwa biashara yake na ushuru wake. Mwaka huohuo Wareno wakajenga ngome Sofala pia. Kilwa ikabaki na bandari nzuri isiyo na mzigo.

Na nyumbani hapakuwa shwari: watu walikuwa wakigombania kiti cha usultani hata kabla ya Almeida. Husuni Kubwa, kasri lenye bwawa la pembe nane, lilikwisha kuachwa zamani, halijamalizika.

Wareno wenyewe waliondoka Kilwa mwaka 1512, faida hawakuiona. Biashara ilirudi karne ya 18, safari hii ya watu: mwaka 1776 sultani alikubaliana na Mfaransa Morice kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka.