Nyumba za watu wa chini Eastlands: nani aliishia kuzipata?

1/ Mdahalo wowote wa siasa ukigusa nyumba, utasikia idadi tu: tutajenga elfu ngapi. Sisi wa Eastlands ahadi hizi tumeishi nazo tangu ukoloni, kwa hivyo twende na historia kidogo. Sitaji chama wala mwanasiasa.

2/ Mkoloni alimwona Mwafrika wa Nairobi kama mtu wa kuja kazi kisha arudi kwao. Makongeni ikawa ya wafanyakazi wa reli, na miaka ya 1940 Kaloleni ikajengwa na manispaa. Wote walikuwa wapangaji.

3/ Baada ya uhuru hoja ikageuka: mtu wa kipato kidogo amiliki. Miaka ya 1970, Umoja, hapa jirani na Donholm, ikajengwa kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani. Nyumba ndogo, unalipa polepole. Nyingi ziliishia kwa wenye mshahara mzuri zaidi.

4/ Dandora ilijaribu njia tofauti. Kuanzia 1975, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, zilipangwa ploti kama 6,000. Unapata maji, choo na bafu, vyumba unajijengea. Ukipangisha viwili, kodi inakusaidia kulipa deni. Wapo walioinuka hivyo. Wengine waliuza, wengine wakawa malandilodi wanaoishi mbali. Leo ploti iliyopimiwa familia chache imebeba gorofa nzima, na sewa inalemewa.

5/ Waliouza hawakuwa wajinga. Karo ikikaba, nyumba ndiyo mali pekee uliyo nayo. Na mji ukiwa na uhaba, hata mwenye mshahara wa kati hana pa kuishi, kwa hivyo atakupa bei ambayo huwezi kukataa.

6/ Sasa tuko kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Mfanyakazi anakatwa 1.5% ya mshahara, mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Anayepata chini ya sh. 20,000 kwa mwezi ana kundi lake, nyumba za kijamii. Wa 20,000 hadi 149,000 ni kundi lingine.

7/ Kwa hivyo mgombea akikutajia idadi, muulize: ngapi ni za kundi la chini ya 20,000? Malipo ya mwezi ni ngapi ukilinganisha na kodi ya chumba kimoja Dandora? Mama mboga asiye na payslip anaingiaje? Na akikwama miezi mitatu, anafukuzwa ama anasaidiwa?

Jibu likiwa ni idadi tena, rudi namba 3.