Debian na Mgogoro wa Programu Nambari 1

Februari 2014, kamati ya ufundi ya mfumo endeshi wa Debian iligawanyika sawasawa. Wajumbe walikuwa wanane: wanne waliitaka systemd, wanne mshindani wake, Upstart. Mwenyekiti, Bdale Garbee, alitumia kura yake ya uamuzi na systemd ikapita. Kilichogombewa ni programu ambayo mtumiaji wa kawaida haioni kamwe. Kiini cha mfumo huiamsha kabla ya programu nyingine zote na kuipa nambari 1, nayo ndiyo inayoziamsha zilizobaki.

Debian, iliyoasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, ilikuwa imezoea kubadilisha vipande. Toleo lake la 6.0, la mwaka 2011, lilitoka hata na kiini cha FreeBSD kwa asiyetaka cha Linux. Kazi ya kuwasha mfumo ilifanywa na sysvinit, iliyofuata desturi za Unix System V: rundo la hati fupi za amri, ambapo kwa asili moja humaliza ndipo inayofuata ianze. Ilikuwa ya polepole, lakini fundi yeyote aliweza kuifungua, akaisoma na kuirekebisha.

Lennart Poettering na Kay Sievers walipoleta systemd mwaka 2010, waliziamsha huduma kwa pamoja, na wakatumia uwezo wa kiini cha Linux kujua kila mchakato ni wa huduma ipi. Kwa msimamizi wa seva hilo lilikuwa jambo kubwa, na anayelibeza sidhani kama amewahi kusaka mchakato uliotoroka usiku wa manane. Fedora, mfumo mwingine wa Linux, iliikubali mwaka 2011.

Tatizo lilikuja kwa majirani zake. systemd ilianza kushika na mengine: kumbukumbu za mfumo, zilizoacha kuwa maandishi ya kawaida, utambuzi wa vifaa, hata usimamizi wa watumiaji wanaoingia. Mazingira ya GNOME nayo yakaegemea sehemu hiyo ya mwisho. Basi aliyetaka kubadilisha programu moja alijikuta akigusa hadi meza ya kazi ya mtumiaji. Tena systemd haikuweza kukaa juu ya kiini kingine chochote isipokuwa Linux.

Leseni haikumzuia mtu. Msimbo ulikuwa wazi, na kila mmoja aliruhusiwa kuuchukua na kuugeuza. Wapinzani wengi walidai kuna njama, mimi siioni. Haki walikuwa nayo, ila mikono ya kuitunza njia ya pili ilikuwa michache.

Novemba 2014 wanachama wote wa Debian waliipigia kura hoja ya mwenzao Ian Jackson: programu isilazimishe mfumo mmoja tu wa kuwashia. Walio wengi waliona hakuna haja ya azimio lolote. Mwezi huohuo waliokataa walitangaza Devuan, yaani Debian isiyo na systemd. Toleo lao la kwanza imara lilitoka Mei 2017, baada ya miaka miwili na nusu.

Desemba 2019 Debian ilipiga kura tena: systemd ibaki, ila wanaojaribu njia nyingine waungwe mkono. Wakati huo njia hizo zilikuwa zikitegemea sana elogind, ambayo ni ile sehemu ya kusimamia wanaoingia, iliyokatwa kutoka msimbo wa systemd yenyewe ili isimame peke yake.