Kuhama Chama Katika Chuo cha Howard

Katika vyuo vikuu vya Marekani mna vyama vya wanawake wanafunzi viitwavyo sororiti. Kila kimoja hujulikana kwa herufi za Kiyunani, nacho kina rangi zake, nishani yake, na kiapo ambacho mwanachama hula mara moja na kudumu nacho maisha yake yote, hata baada ya kumaliza masomo. Kwa sababu ya kiapo hicho, tawi likitaka kuacha chama chake na kufuata kingine, au kujigeuza lenyewe kuwa kingine, jambo hilo halichukuliwi kama mtu kubadili timu ya mpira. Huulizwa kama wanaohama wana haki. Na kama wanayo, ni kitu gani wanachoruhusiwa kuondoka nacho. Swali hilo lilizuka katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, mwaka 1912.

Howard kilianzishwa mwaka 1867, miaka miwili baada ya vita vilivyokomesha utumwa, kwa ajili hasa ya watu weusi waliokuwa wamepata uhuru wao. Hapo, tarehe 15 Januari 1908, wasichana 9 wakiongozwa na Ethel Hedgemon walianzisha Alpha Kappa Alpha, sororiti ya kwanza ya wanawake weusi. Wengine 7 wakaingizwa mwaka ule ule. Sororiti za wazungu zilikuwa na baraza lao tangu mwaka 1902, na mlango wake haukuwa wazi kwa mwanamke mweusi.

Kwa muda wa miaka minne na zaidi chama hicho kilikuwa na tawi moja tu, yaani lile la Howard, na hapo ndipo penye fundo la habari yote. Tawi moja kati ya mengi likiondoka, chama hubaki. Lakini tawi la pekee likikata shauri kugeuka, je, chama ndicho kilichogeuka, au ni watu wake tu walioondoka?

Katika miezi ya mwisho ya 1912 wanachama 22 waliokuwa bado masomoni, rais wao akiwa Myra Davis, walitaka chama kibadilishwe jina, rangi na alama. Hawakuwa watoto wanaochezea mapambo. Jina Alpha Kappa Alpha waliliona kuwa ni mwangwi wa Alpha Phi Alpha, chama cha wanaume kilichoanza Cornell mwaka 1906 na kufika Howard mwaka uliofuata. Walitaka pia chama chenye mamlaka ya kufungua matawi katika vyuo vingine, kwa maana chao kilikuwa hakijaandikishwa serikalini. Zaidi ya hayo, walitaka wanawake wasomi waingie katika mambo ya nchi, na kwanza kabisa katika madai ya haki ya kupiga kura. Kwa upande wa sheria hawakuvunja hati yoyote, kwani hapakuwapo hati ya kuvunjwa.

Nellie Quander alikuwa amekwisha kuhitimu. Alikuwa amepata kuwa rais wa chama kile, na habari ilipomfikia hakuikubali. Aliwawekea wale vijana siku ya mwisho ya kuiacha nia yao.

Ni rahisi kumwona Quander kama mzee anayeshikilia fimbo asiyoihitaji tena, ijapokuwa alikuwa yeye mwenyewe kijana. Wengi walikuwa wamekwisha kuamua. Kwa nini mmoja aliyetoka chuoni awazuie? Walakini kura ya wengi ina mipaka yake. Wale 22 walikuwa wengi kwa hesabu ya waliomo darasani mwaka ule, wala si kwa hesabu ya wote waliokula kiapo. Ethel Hedgemon na wenzake hawakuacha kuwa wanachama siku walipopewa shahada zao. Jina lilikuwa lao pia, na mtu hawezi kulifuta jina la ndugu yake kwa sababu ndugu huyo hayupo nyumbani siku ya mkutano. Kwa upande wa pili, kiapo hakimfanyi mtu mtumwa. Msichana aliyeona kwamba chama hakiwezi tena kubeba kazi aliyoitaka alikuwa na haki ya kutoka. Haki ya kutoka aliyekuwa nayo haikuwa haki ya kuwahamisha wengine.

Baraza la sororiti za wazungu limeliwekea jambo hilo kanuni: aliyekwisha kuapishwa katika chama kimoja cha baraza haapishwi katika kingine. Wanawake wa Howard hawakuwa na kanuni kama hiyo ya kuwaongoza. Iliwabidi wapate njia wenyewe.

Njia waliyoipata inawapa sifa pande zote mbili. Tarehe 13 Januari 1913 wale 22 waliunda chama kipya, Delta Sigma Theta, na Myra Davis akawa rais wake wa kwanza. Jina la zamani waliliacha pamoja na rangi na alama zake, wakaanza upya. Siku 16 baadaye, tarehe 29 Januari, Quander na wenzake wachache waliandikisha Alpha Kappa Alpha kisheria, ili jina lisiwe tena mikononi mwa kura ya mwaka mmoja. Kasoro ambayo wale 22 walikuwa wameitaja ilizibwa na wale waliowapinga.

Machi 3 mwaka ule, siku moja kabla ya Woodrow Wilson kuapishwa kuwa Rais, wanawake zaidi ya 5,000 waliandamana mjini Washington wakidai kura. Delta Sigma Theta waliandamana pamoja na Mary Church Terrell, na hiyo ikawa kazi yao ya kwanza mbele ya watu. Baadhi ya waandalizi walitaka wanawake weusi wawekwe nyuma, Ida B. Wells alikataa, akaingia katika safu ya jimbo lake la Illinois. Habari hiyo husimuliwa mara nyingi kana kwamba waliohama ndio waliojali siasa na waliobaki walijali chai na nishani. Si kweli. Mwezi Februari Quander alikuwa amemwandikia Alice Paul, kiongozi wa maandamano, kwa jina la Alpha Kappa Alpha, akiomba wanawake wa Howard wapewe nafasi ya heshima, kwa kuwa hawakutaka kushiriki wakibaguliwa kwa rangi yao.

Mwaka 1930 baraza la vyama vya wanafunzi weusi liliundwa katika chuo kile kile cha Howard. Miongoni mwa vyama vitano vilivyoliasisi vilikuwamo Alpha Kappa Alpha na Delta Sigma Theta, kila kimoja kwa jina lake.