Maven inapoita zana za nje: mambo 4 yanayogomesha ujenzi wa programu

OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, Februari 2006. Leo ndiyo msingi wa KenyaEMR na UgandaEMR, na hujengwa kwa Maven. Lakini Maven haifanyi kila kitu yenyewe. Plagini ya OpenMRS SDK, inapoandaa kurasa za toleo la 3, huita zana ya nje, npx, kama vile mtu angeiandika amri hiyo kwenye temino.

Hapo ndipo wengi hukwama: kwa mwenzako inajenga, kwako inagoma. Angalia haya:

1. Zana iko wapi? Kompyuta huitafuta kwenye folda zilizoorodheshwa kwenye PATH. Programu ya kuandikia kodi ukiifungua kwa kubofya ikoni, PATH yake inaweza kutofautiana na ya temino. Ndiyo maana frontend-maven-plugin hupakua Node na kuiweka ndani ya mradi, ili wote watumie toleo moja.

2. Namba ya mwisho. Kwa kawaida zana ikimaliza salama hurudisha 0. Namba nyingine ni kosa. Gradle husimama yenyewe ikiona kosa. Anayeandika plagini kwa ProcessBuilder ya Java lazima aikague mwenyewe, la sivyo programu mbovu itapita kimyakimya hadi kliniki.

3. Maandishi yasomwe. Zana ikitoa maandishi mengi na plagini isiyasome, nafasi hujaa na kazi huganda bila ujumbe wowote.

4. Amri itenganishwe. Kila neno la amri lipitishwe peke yake. Ukiunganisha yote, folda inayoitwa "Moshi Mjini" itasomeka kama vitu viwili. Amri ikipitia kwenye sheli, mwenye nia mbaya anaweza kupenyeza ya kwake.

Na bando je? Kwa msanidi aliye Mabogini, nje kidogo ya Moshi, anayejenga kwa bando la simu, mara ya kwanza ndiyo hula data nyingi. Maven huhifadhi ilichopakua kwenye folda ya .m2, hivyo baadaye `mvn -o` hujenga bila intaneti. Ila -o haiifungi zana ya nje. npm itaendelea kutafuta mtandao mpaka nayo ipewe `--offline` yake.