JINA LA SPEKE: ASILI YAKE NA MAHALI LILIKOENEA

Watu wengi waliosoma masimulizi ya safari za zamani katika nchi zetu hulijua jina la Speke. Hulijua kwa ajili ya mtu mmoja tu, Bwana John Hanning Speke, aliyeliona ziwa kubwa karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Lakini yeye hakulianzisha jina hilo, wala si yeye wa kwanza aliyelifanya lisikike mbali. Lilikuwa limekwisha kupokezanwa kwa muda wa miaka mia saba na zaidi, na zaidi ya mara moja lilikaribia kutoweka katika nchi yake yenyewe. Hata leo Waingereza wenye jina hilo ni wachache sana. Basi twapenda kueleza habari zake kwa kadiri ya nafasi yetu, maana katika ukoo huu mmoja mdogo twaweza kuona jinsi majina ya koo za Kiingereza yanavyozaliwa, yanavyohama, na yanavyokufa.

Yafaa tujue kwanza kwamba hapo kale Waingereza walikuwa na jina moja moja tu, kama walivyokuwa babu zetu. Mwaka wa 1066 William, mtawala wa Normandia katika Ufaransa, alivuka bahari akaishinda Uingereza, na wakuu aliokuja nao wakaanza kutumia jina la pili ambalo mtoto hulirithi kwa baba yake. Desturi hiyo ilishuka polepole kutoka kwa wakuu mpaka kwa watu wa shamba, na kazi hiyo ilichukua muda wa miaka mia tatu hivi. Wengine walipewa jina la mahali walipokaa, wengine jina la kazi, kama Smith, yaani mhunzi. Wengine jina la baba, kama Johnson, yaani mwana wa John. Na wengine walipewa jina la utani, likawashika, likawashika na wajukuu wao ambao hawakuujua utani wenyewe.

Jina la Speke ni la namna hiyo ya mwisho. Wataalamu wa majina hulitoa katika neno la Kifaransa cha kale, *espec*, maana yake kigogota, yule ndege agongaye miti kwa mdomo wake. Wajerumani wana jina Specht, na katika Yorkshire wako watu waitwao Speight. Yote mawili ni kigogota yule yule. Kwa nini mtu wa kwanza aliitwa hivyo? Pengine kwa pua yake, pengine kwa kelele zake. Watani hawana desturi ya kuandika sababu.

Hapa lazima tumwonye msomaji. Kando ya mto Mersey, karibu na Liverpool, kuna mahali paitwapo Speke, penye jumba kubwa la kale la mbao lililojengwa na ukoo wa Norris, na siku hizi kiwanja cha ndege cha mji ule kiko hapo. Mtu akitazama ramani atasema mara moja, "Hapa ndipo walipotoka." Sivyo. Jina la mahali hapo latoka katika neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya vijiti na matawi ya kichakani, nalo limeandikwa *Spec* katika Kitabu cha Domesday cha mwaka wa 1086, ambacho ni daftari ya mashamba aliyoiamuru Mfalme William. Maneno mawili ya asili mbalimbali yamefanana sauti, basi. Ukoo wa yule msafiri haukutoka kaskazini mwa Mersey. Watu wake wa karne nyingi ni watu wa kusini magharibi.

Katika daftari hiyo hiyo ya 1086 twamkuta William Spech, mwenye mashamba katika Bedfordshire. Baada yake akaja Walter Espec, aliye mkuu kuliko wote waliolichukua jina hili katika zama za kale. Alikuwa bwana wa Helmsley katika Yorkshire na wa ngome ya Wark mpakani mwa Uskoti, na mwamuzi wa Mfalme Henry wa Kwanza katika nchi za kaskazini. Alijenga nyumba tatu za watawa: Kirkham, Rievaulx mwaka wa 1132, na Warden katika Bedfordshire. Magofu ya Rievaulx yangali yamesimama bondeni, na wageni huenda kuyatazama. Aelred, aliyekuwa mkuu wa watawa wa Rievaulx, ameandika sura yake: mtu mrefu ajabu, mwenye nywele nyeusi na ndevu ndefu, na sauti yake kama tarumbeta. Mwaka wa 1138 Mfalme David wa Uskoti alipoingia Uingereza na jeshi lake, Walter, ambaye umri wake ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa, alikuwa mmoja wa viongozi waliomzuia karibu na Northallerton katika vita viitwavyo Vita vya Bendera.

Mtu huyo alikuwa na ngome, ardhi, na heshima mbele ya mfalme, mtoto hakuachа. Hadithi ya baadaye yasema kwamba mwanawe wa pekee alianguka katika farasi akafa, lakini wanahistoria hawaitegemei sana. Lililo hakika ni kwamba mali yake iligawanyika kwa dada zake watatu. Helmsley ilikwenda kwa ukoo wa de Roos, ambao mmoja wao alikuwa amemwoa dada yake Adelina. Hivyo katika nchi ya kaskazini ngome ilibaki, nyumba za watawa zikabaki, na jina la aliyezijenga likaondoka.

Lakini upande wa kusini magharibi, katika Devon, wenye jina hilo walikuwako pia. Ukoo wa Speke hudai undugu na Walter, ingawa hati za kuuthibitisha hazijaonekana. Walishika kijiji kimoja karibu na Exeter, na mpaka leo kijiji hicho huitwa Brampford Speke. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka: koo nyingi za Kiingereza zilichukua jina la kijiji, bali hapa kijiji kimechukua jina la ukoo. Katika kanisa kuu la Exeter kuna kikanisa kidogo cha mawe yaliyochongwa, mahali pa kumwombea Bwana John Speke aliyekufa mwaka wa 1518. Katika karne ya 15 mmoja wao alikuwa amemwoa binti mrithi wa ukoo wa Keynes, akapata Dowlish Wake katika Somerset. Baadaye wakapata na White Lackington, karibu na mji wa Ilminster. Tangu hapo wilaya ya Ilminster ndiyo kitovu cha jina hili.

Twataka kukaa kidogo katika White Lackington, maana hapo jina lilikuwa jambo la kufa na kupona. Mwaka wa 1680 bwana wa nyumba hiyo, George Speke, alimkaribisha James, mtawala wa Monmouth, mwana wa nje wa Mfalme Charles wa Pili. Maelfu ya watu walikuja kumwona, na mti mkubwa uliowatia kivuli ulikumbukwa kwa muda mrefu. Miaka mitano baadaye mfalme alikufa, na Monmouth akaja kutoka Uholanzi kumnyang'anya ufalme James wa Pili, amu yake. Tarehe 6 Julai 1685 jeshi lake la watu wa shamba na wafumaji lilivunjwa huko Sedgemoor. John, mwana wa George Speke, alikuwa amejiunga nao, lakini alipona akakimbilia nje ya nchi. Ndugu yake Charles hakukimbia. Inasimuliwa kwamba kosa lake lilikuwa kumshika mkono Monmouth alipopita Ilminster, basi. Jaji Jeffreys, aliyetumwa kuhukumu mamia ya watu wa nchi ile, aliombwa amsamehe. Naye, yasemekana, alijibu kwamba ukoo ule unadaiwa roho moja, na kwa kuwa yule mwingine hayupo, huyu atalipa. Charles Speke alinyongwa sokoni Ilminster, katikati ya watu waliomjua tangu utoto wake.

Wazee wetu waliojua sheria ya damu, ambapo ukoo mzima hudaiwa kwa tendo la mtu mmoja, wangalishangaa kuisikia kwa jaji wa Kiingereza aliyevaa joho. Sisi hatushangai; jina la ukoo ni kamba, humfunga hata asiyekuwapo.

Baada ya msiba huo ukoo ulisimama tena, lakini tawi la White Lackington liliishia kwa binti. Anne Speke aliolewa mwaka wa 1756 na Lord North, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu wa Uingereza wakati makoloni ya Marekani yalipojitenga. Mali ikafuata jina la mume. Ndiyo njia ya kawaida ya jina la Kiingereza kufa: mara nyingi si kwa vita wala kwa tauni, ni kwa mabinti, kwa sababu mtoto huchukua jina la baba tu. Jina lenye watu elfu kumi halidhuriki nyumba moja ikikosa mwana. Jina lenye nyumba nne au tano hudhurika sana. Mwingine wa jina hili, Thomas Speke, alivuka bahari katika karne ya 17 akakaa Virginia. Mjane wake, Frances, aliolewa mwishowe na John Washington, babu wa baba yake George Washington.

Kuhusu mahali majina haya yalipo, mtafutaji lazima asumbuke na namna ya kuandika. Mwaka wa 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila kanisa la mtaa liandike ubatizo, ndoa na maziko katika kitabu. Ni amri njema kwa wanahistoria, lakini makarani waliandika kama walivyosikia. Sisi walimu twalijua jambo hilo. Ni nani kati yetu asiyewahi kuona Mohamedi, Muhamadi na Mohammed katika daftari moja, na mtoto ni mmoja? Ndivyo tunavyokuta Espec, Speke, Speek, Speake na Speak. Speake huonekana zaidi katika Shropshire, mpakani mwa Wales. Speak katika Lancashire na Yorkshire. Speke yenyewe katika Somerset na Devon. Asifikiri mtu kwamba wote hao ni ukoo mmoja. Wengine huenda walitokana na kile kijiji cha Mersey, na wengine na kigogota mwingine kabisa.

Sasa tumrudie yule msafiri. Alizaliwa mwaka wa 1827 katika Devon, mtoto wa tawi la Jordans karibu na Ilminster, na jina lake la katikati, Hanning, ni la ukoo wa mama yake. Waingereza huokoa hivyo majina ya upande wa mama. Ziwa la Wasukuma na Wakerewe, ambalo Waganda huliita Nalubaale, yeye aliliita Viktoria kwa heshima ya malkia wake. Tarehe 28 Julai 1862 alifika mahali ambapo Nile hutoka ziwani, ambapo wenyeji walipaita Mawe, naye akapaita Ripon kwa jina la mkuu mmoja wa Kiingereza, ambalo nalo ni jina la mji wa Yorkshire. Maporomoko hayo yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen kukamilika mwaka wa 1954. Jinja, neno lenye maana ya jiwe, limebaki kuwa jina la mji.

Katika safari zote mbili alifuatana na Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi. Aliporudi aliitwa kwa jina la mji wa huko. Kwa kanuni tulizozieleza, Bombay ni jina la mahali kama yalivyo majina ya maelfu ya Waingereza, ila hawa walipewa jina la mahali walipokaa kwa hiari yao. Jina la kwao kwa Wayao limefunikwa. Alimwongoza Speke, kisha Stanley, kisha Cameron aliyevuka bara mpaka pwani ya magharibi, akafa mwaka wa 1885.

Speke hakuoa. Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya kukutana hadharani na Burton, mwenzake wa zamani, ili wabishane juu ya chanzo cha Nile, alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akiwinda ndege katika Wiltshire. Alizikwa Dowlish Wake, katika kanisa lenye makaburi ya wazee wake, na Livingstone alihudhuria.

Hivyo hakumwachia mtoto jina lake, lakini ramani ililipokea. Mwaka wa 1875 Stanley, aliyezaliwa Wales kwa jina la John Rowlands na kujitwalia jina jingine, alilizunguka ziwa akaiita sehemu yake ya kusini mashariki Ghuba ya Speke. Ukerewe iko kaskazini yake, na nchi ya Serengeti hufika mpaka ukingoni mwake. Katika milima ya Ruwenzori, mwaka wa 1906, mtawala wa Abruzzi kutoka Italia alikiita kilele kimoja Speke, chenye urefu wa mita 4,890. Wataalamu wa wanyama wamempa nzohe jina hilo, na swala mmoja wa Somalia. Pia yuko mnana mmoja wa manjano, afumaye viota vyake katika miti ya Kenya na ya kaskazini mwa Tanzania. Katika vitabu vya wataalamu ameandikwa *Ploceus spekei*, na kwa kufuata asili ya neno, huyo ni mnana wa kigogota.