Nairobi Hadi Mombasa na Dogi: Mahali pa Kusimama, Kutembea na Kumanga Choma

Mbogi imejipanga, ndai imejaa mafuta, na safari hii dogi pia anaenda Coasto. Poa. Lakini Mombasa Road ni kama kilomita 480, na kuna sehemu hufai kumfungulia mlango hata kidogo. Cheki vile utapanga stopu zako.

Siku moja kabla: Karura
Mpeleke Karura Forest. Mbwa wanakubaliwa, bora wawe kwa kamba. Akichoka vizuri, kesho atalala njiani badala ya kukulilia.

Stopu ya kwanza: Emali
Toka Nai saa kumi na moja asubuhi. Emali ni kama kilomita 125, na ukifika mapema jua bado si kali. Ingia barabara ya vumbi mbali na malori, tembeeni dakika 15, mpe maji. Mkirudi, angalia kupe kwa masikio na katikati ya vidole.

Stopu ya choma: Mtito Andei
Hapa ni karibu nusu ya safari. Tafuta baze iko na uwanja na kivuli, na uulize weita kabla mkae: "Niko na mbwa, tunaweza kaa huku nje?" Wakikataa, songa mbele bila kelele.

Usimrushie mifupa ya choma. Mfupa uliopikwa huvunjika ukiwa na ncha kali na unaweza kumtoboa tumbo. Kachumbari pia zii, kitunguu ni sumu kwa mbwa. Na keroro? Si ya dogi, si ya dereva.

Mtito hadi Voi: hakuna kushuka
Hii ni kama kilomita 100, na Tsavo iko pande zote mbili. Hapo simba na ndovu wako kwao. Usimtoe dogi akojoe kando ya lami. Maliza hiyo shughuli Mtito. Pia sahau kuingia naye ndani ya mbuga, KWS haikubali wanyama wa nyumbani.

Voi hadi Coasto: joto na heshima
Huku jua halina huruma. Weka kiganja kwa lami. Kama huwezi kushikilia sekunde 5, itamchoma nyayo. Pia jua kwamba kwa Waislamu wengi wa Pwani, mate ya mbwa ni najisi. Usimwachilie arukie watu au anuse viti vya hoteli. Uliza kwanza, na kaa naye pembeni.

Ngori kubwa: kumwacha kwa ndai
"Tunashuka tu dakika 10." Hizo 10 zinatosha joto la ndani kupanda karibu digrii 10, hata ukifungua dirisha kidogo. Mbwa hatoi jasho kama wewe, hupoa kwa kuhema. Ukiona anahema sana, mate mazito, anayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, halafu utafute daktari wa mifugo mbio. Kama mko wengi, shukeni kwa zamu. Kama uko peke yako, chukua chakula cha kubeba.

Usisahau kadi
Beba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Akimng'ata mtu Voi, hiyo ndiyo itaulizwa kwanza. Na aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hosi siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.