Gita la Umeme na Reli ya Kati

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kati ya Manyoni na Tabora njia hiyo hupita Itigi, katika nchi ya vichaka vizito ambavyo wataalamu wa mimea huviita kwa jina la mji huo. Kutoka hapo barabara hushika upande wa kusini kwenda Rungwa, Chunya na Mbeya. Dhahabu ya Lupa ilipowavuta watu katika miaka ya 1930, Itigi palikuwa mahali pa kushuka garimoshi na kutafuta lori. Mji wa namna hiyo hupokea mambo mengi kabla ya kupokea umeme. Miongoni mwake ni sauti ya gita la umeme, ambayo iliweza kufika kwa santuri na kwa redio za betri, ilhali gita lenyewe lisingepata mahali pa kuchomekwa waya. Bendi iliyotaka kupiga katika miji ya bara isiyokuwa na umeme ilibidi ichukue jenereta yake pamoja na ngoma na wapigaji.

Jambo hili halitamshangaza mtu ajuaye asili ya blusi. Mnamo 1903 W. C. Handy, akingoja treni katika kituo cha Tutwiler, Mississippi, alimsikia mtu akipiga gita na kutelezesha kisu juu ya nyuzi zake. Habari hiyo aliichapisha mwaka 1941. Reli ndiyo iliyowachukua watu weusi wengi wa mashamba ya kusini kwenda kaskazini, na Muddy Waters akafika Chicago mwaka 1943. Katika makelele ya mabaa ya mji ule gita la mbao lilimezwa, naye akatwaa la umeme. Ufundi wake si mgumu kueleza. Chini ya nyuzi za chuma hukaa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi ukitetema, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa katika waya, na kikuza sauti huutia nguvu. Mpigaji hupata sauti inayodumu baada ya kidole kuondoka, na akitaka, inayokwaruza kama koo la mwimbaji. Vijana wa Uingereza, Eric Clapton akiwa mmoja wao, walijifunza blusi hiyo kwa kusikiliza santuri, wakaizidishia kishindo, ikawa blusi ya roki.

Wapigaji hao waliyapenda magita yao mapenzi ya kupita kiasi. Mwaka 1949, katika mji wa Twist, Arkansas, wanaume wawili walipigana ukumbini, pipa la mafuta ya taa likapinduka na moto ukawaka. B. B. King, aliyekwisha kutoka nje salama, alirudi ndani ya moto kuchukua gita lake. Alipoambiwa kwamba ugomvi ulikuwa juu ya mwanamke aitwaye Lucille, akalipa gita jina hilo, na kila gita lililofuata likalirithi. Jimi Hendrix, mwenye shoto, aliligeuza Stratocaster la mkono wa kulia akalipiga juu chini. Clapton naye alinunua Stratocaster kadhaa Nashville mwaka 1970, akaunganisha viungo vya matatu kuwa gita moja, akaliita Blackie. Mwaka 2004 liliuzwa mnadani kwa dola 959,500.

Hapa ndipo njia ya Mississippi na njia ya Itigi zinapoachana. Katika Tanzania, aghalabu, gita halikuwa mali ya mpigaji. Lilikuwa mali ya bendi, na bendi ilikuwa mali ya tajiri, au chama, au idara ya serikali. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao. Mcheza kwao hutunzwa, na wapigaji hawa walitunzwa fedha jukwaani mbele ya watu. Lakini usiku ulipokwisha, chombo kilicholeta tuzo kilirudi kwa mwenyewe. Aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Mtu hakipi jina la mpenzi kitu ambacho kesho kitakuwa mikononi mwa mwingine.

Basi kilichopewa jina ni mtindo. Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz Segere Matata, NUTA Msondo. Jina la mtindo lilikuwa mali ya kundi zima, na ndivyo ulivyokuwa upigaji wenyewe: solo haikusimama peke yake kama katika roki, bali ilisukwa na gita la pili na besi, kila moja likijaza nafasi iliyoachwa na jingine, kama ukili. Ufundi huo ulitoka kwa sehemu kubwa Kongo, katika santuri za Franco na Dokta Nico, na kabla yao kwa Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kwa gita moja la mbao akatoa sauti za magita mawili.

Anayestahili kuwekwa karibu na King ni Mbaraka Mwinshehe. Alizaliwa mwaka 1944, akaingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akaenda nayo Osaka kwenye maonyesho ya mwaka 1970, kisha mwaka 1973 akaiacha na kuunda Super Volcano. Wote wawili waliimba na kupiga solo. King hakuvifanya viwili kwa pamoja: sauti iliponyamaza, Lucille alijibu. Mbaraka naye aliimba kisa mpaka mwisho, na wimbo ulipoingia katika chemko, gita likashika usemi. Wataalamu wa lugha wamezishughulikia sana nyimbo hizi. Maneno yamenakiliwa, mafumbo yamefumbuliwa, na gita limeachwa kana kwamba lilikuwa tandiko la maneno. Huo ni usomaji wa nusu ya wimbo. Katika chemko hakuna neno la kunakili, na mara nyingi ndipo Mbaraka anaposema zaidi.

Septemba 1974, King na Lucille wake walipiga Kinshasa, katika tamasha lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman; Franco na bendi yake walikuwamo. Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne. Katika masimulizi ya maisha yake watu hutaja nyimbo, safari na ajali. Gita hutajwa kwa sauti yake tu. Kiwanda chake na rangi yake havisimuliwi.